Alama ya Kosa

Wahenga walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Maneno hayo ni kweli, lakini wingu si mvua, na mtu alitazamaye hajui bado kama litanyesha shambani kwake au kwa jirani. Vivyo hivyo dalili ya kosa si kosa lenyewe. Niliambiwa jambo hili nilipokuwa mwanafunzi katika chuo cha ualimu, na kwa miaka tisa nimelirudia mbele ya ubao. Hata hivyo, sikulijua barabara mpaka jioni ya Ijumaa moja, jikoni mwangu, mbele ya oveni ya umeme iliyokataa kazi.

Nyumbani kwangu tunaishi watatu: mke wangu, mimi, na mpwa wangu, binti wa dada yangu. Binti huyu amemaliza masomo ya sekondari, na huwaokea watu wa mtaani keki ili akusanye karo ya chuo. Ijumaa hiyo alikuwa ameagizwa keki tatu za arusi ya kesho yake, na malipo yake yangetimiza kiasi alichokuwa amepungukiwa. Unga ulikwisha kupimwa, siagi na sukari zilikwisha kupondwa pamoja. Akaiwasha oveni. Badala ya kupata joto, ikatoa mlio mmoja mrefu, na juu ya kioo chake ikatokea herufi F na tarakimu 3.

"Mjomba," aliniita, "oveni imeandika neno nisilolielewa."

Sikumwuliza lolote. Nilikumbuka kwamba siku iliyotangulia nilimwona akiisafisha kwa kitambaa cha maji, nikayaunga mambo hayo mawili kwa uzi wa dhana. "Umeiharibu kwa maji," nilimwambia. "Vitu vya umeme havioshwi kama sufuria." Alinyamaza. Heshima ilimzuia kunijibu, nami nikauhesabu ukimya wake kuwa ni kukiri. Nikampigia simu fundi mmoja. Naye, bila kuiona oveni, akakata shauri kwamba bodi yake ya saketi imeungua, na kwamba bodi mpya ingegharimu karibu nusu ya bei ya oveni nzima. Basi ndani ya robo saa mahakimu wawili walikuwa wamekwisha kutoa hukumu, na hakuna aliyemsikiliza shahidi.

Mke wangu ndiye aliyeniamsha. Alisema kwa upole, "Wewe huwakataza wanafunzi wako kuandika jawabu kabla ya kufanya hesabu. Hesabu ya jambo hili umeifanya saa ngapi?"

Niliona haya. Nikafungua sanduku la karatasi zetu, nikakitafuta kijitabu kilichokuja na oveni. Alama za namna hii hazifanani kwa kila mtengenezaji. Herufi moja huwa na maana hii katika oveni hii na maana nyingine katika oveni nyingine, kwa hiyo haifai kubahatisha. Katika kijitabu chetu, F3 ilielezwa kuwa saketi ya kihisi joto imekatika. Haikutaja maji wala bodi kuungua. Ilitaja mahali pa kutazamwa, ikaishia hapo.

Kihisi joto ni kijiti chembamba cha chuma kilichochomoza ndani ya oveni, upande wa nyuma. Ndani yake mna madini ya platini, ambayo ukinzani wake huongezeka kadiri joto linavyopanda. Katika kihisi cha aina ya oveni yetu, ukinzani huwa omu 1,000 kwenye nyuzi 0 za Selsiasi, omu 1,385 kwenye nyuzi 100, na kama omu 1,758 kwenye nyuzi 200. Bodi husoma ukinzani huo na kujua joto lililopo. Lakini waya ukikatika, ukinzani huonekana kuwa hauna mwisho, na bodi haiwezi kujua kama ndani mna baridi au mna moto wa kuteketeza. Basi hukataa kupasha joto. Alama niliyoichukia ilikuwa ndiyo mlinzi wa nyumba yangu.

Kipimo hiki cha omu kina jina la mwalimu. Georg Simon Ohm alizaliwa mwaka 1789 katika mji wa Erlangen, Ujerumani, na baba yake alikuwa fundi wa makufuli. Alikuwa akifundisha shule katika mji wa Cologne alipofanya majaribio yake ya umeme, na kitabu chenye kanuni yake kilitoka mwaka 1827. Wengi hawakukithamini mwanzoni. Lakini mwaka 1841 Royal Society ya London ilimtunukia nishani ya Copley. Mimi nilikuwa nimeifundisha kanuni hiyo mwaka baada ya mwaka, wala haikunijia kamwe kwamba ingeweza kuamua kesi jikoni mwangu.

Nikaanza kazi. Kwanza nilizima swichi ya oveni ukutani, kisha nikazima swichi kuu ya nyumba, nikahakikisha kwa kipimo kwamba hakuna umeme uliosalia. Umeme wa nyumba zetu ni wa volti 240, nao haumsamehe mtu kwa sababu ni mwalimu. Msomaji kijana, usiifanye kazi hii peke yako. Mwite mtu mzima aliyefunzwa au fundi mwenye leseni.

Nikaivuta oveni kutoka ukutani. Mpwa wangu alinishikia tochi, bado kimya. Nilifungua skrubu za bati la nyuma, nikachomoa kiungio cha waya mbili za kihisi, nikakipima kihisi chenyewe kwa multimita niitumiayo darasani. Ilisoma omu 1,090, yaani joto la kawaida la chumba. Kihisi kilikuwa kizima. Nikapima waya mmoja uendao kwenye bodi, umeme ulipita. Nikapima wa pili, haukupita. Nikaufuata waya huo kwa kidole, taratibu, mpaka nikafika mahali ulipokuwa umebanwa kati ya bati na ukingo mkali wa fremu. Ganda lake lilikuwa limechanika, na shaba ya ndani imekatika.

Nikalitazama bati. Lilikuwa limebonyea mahali hapo hapo. Nikatazama ukuta, nikaona kichwa cha bomba kilichochomoza, sawasawa na pale penye bonyeo. Ndipo nilipokumbuka. Mwezi mmoja kabla yake nilipaka ukuta ule rangi. Niliisogeza oveni, na nilipomaliza nikairudisha kwa haraka, nikiisukuma kwa goti. Nilisikia kitu kikigonga, nikapuuza. Tangu siku ile waya ulikuwa ukisagwa polepole na mtikisiko wa feni ya oveni, hata ukakatika Ijumaa ile. Maji ya mpwa wangu hayakufika huko hata tone.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nilikuwa nimepiga magoti sakafuni, na aliyenishikia tochi alikuwa ameona yote niliyoyaona. Ningeweza kusema tu kwamba waya umekatika, nikanyamaza. Desturi zetu hazimlazimishi mjomba kumwomba radhi mpwa wake. Lakini niliona kwamba kama ningeuunganisha waya na kuuacha moyo wake umekatika, ningekuwa nimetengeneza kilicho rahisi na kuacha kilicho kizito. Nikamwambia, "Mwanangu, kosa ni langu. Nilikuhukumu bila kukusikiliza. Niwie radhi."

Alikaa kidogo, kisha akasema, "Yamekwisha, mjomba. Ila siku nyingine uniulize."

Nilikwenda mbio kwenye duka la vifaa vya umeme, nikanunua kipande cha waya unaostahimili joto na kiungio cha kauri, kwa maana utepe wa kawaida huyeyuka mahali kama pale. Fedha nilizotumia hazikufika hata sehemu ndogo ya bei ya bodi. Nilikata sehemu mbovu, nikaunga, nikalinyosha bati, nikapima saketi nzima kabla ya kufunga. Kipimo kilisoma omu 1,091. Tuliporudisha umeme, alama ilikuwa imetoweka. Oveni ilipanda hadi nyuzi 180, na kipimajoto tulichokiweka ndani kikashuhudia vivyo hivyo. Keki ya tatu ilitoka saa nane za usiku. Arusi ilipata keki zake, na binti akatimiza karo yake.

Jumatatu iliyofuata nilikuwa na madaftari ya kusahihisha. Mwanafunzi mmoja alikuwa amekosa maswali sita mfululizo. Kalamu nyekundu ilikuwa mkononi, na neno "mvivu" lilikuwa karibu kunitoka. Nikakumbuka F3. Nikamwita, nikamwomba afanye swali moja mbele yangu kwa sauti. Alijua kanuni yote. Alichokosea ni kugeuza dakika kuwa sekunde, na kosa hilo moja lilikuwa limeharibu majawabu yote sita. Tulilisahihisha kwa muda usiozidi dakika kumi.

Alama nyekundu ni ya lazima, kama ilivyo lazima oveni itoe mlio wake. Lakini alama husema tu kwamba pana mkato mahali fulani; haisemi nani aliyekata. Anayetaka kujua hana budi kupiga magoti, kufuata waya kwa kidole, na kuwa tayari kukuta mwisho wa waya huo alama ya goti lake mwenyewe.