Leya saba, RAM ya GB 4 na picha ya mama

Najua nimepotea humu wiki mbili nzima, majaribio yametubana kweli kweli. Leo nina habari ya kompyuta, ila msikimbie, ina watu ndani yake.

Mwenzangu wa chumba alifiwa na mama yake. Arobaini ilikuwa Jumapili, Tanga, na wadogo zake walitaka picha ya mama ya kuweka kwenye fremu, saizi ya A4. Picha nzuri iliyokuwepo ni moja tu, ya mwaka 1989, inchi 4 kwa 6, imekunjwa katikati na maji yameingia pembeni. Ijumaa jioni akaniambia, "Ndugu yangu, wewe si unajua mambo ya picha? Nisaidie." Basi lake lilikuwa alfajiri ya Jumamosi. Hapo unakataaje?

Steshenari walikuwa wameiskani kwa nukta 1200 kwa inchi. Pigeni hesabu wenyewe: 4800 mara 7200, hizo ni pikseli milioni 34 na nusu. Faili la JPEG lilikaa kwenye flashi bila neno, na hapo ndipo wengi tunapodanganyika. JPEG ni picha iliyobanwa. Ukiifungua kwenye programu ya kuhariri, inakunjuliwa yote: kila pikseli inakula baiti 3 za rangi, na ukiweka uwazi zinakuwa 4. Leya moja tu ni kama megabaiti 138. Mimi nilifika leya saba, tayari karibu gigabaiti nzima. Bado hujahesabu kutendua, maana kila unapogusa kitu programu inatunza vile vipande vya zamani ili ukitaka kurudi nyuma uvikute. Ukipitisha kichujio picha nzima, inatunza leya nzima.

Kompyuta yangu ina RAM ya GB 4, na Windows hapo imeshachukua chake. RAM ikijaa, programu haifi, inaanza kuandika kwenye diski. Photoshop inafanya hivyo, GIMP ninayotumia mimi pia. Tatizo diski yangu ni ile ya kuzunguka. Inakoroma tu, krrr krrr, brashi unaipitisha sasa, doa linafutika baadaye. Na C ilikuwa imebaki na GB 2. Saa nne na nusu usiku GIMP ikaniambia haina tena pa kuandikia.

Mwenzangu alikuwa amekaa kitandani anapanga begi. Sikumwambia.

Kwanza nilihifadhi kazi kwenye flashi. Halafu kwenye mapendeleo ya GIMP, sehemu ya makabrasha, nikahamisha lile kabrasha la kumwagia ziada kutoka C kwenda D, ambako kuna nafasi. Nikaruhusu programu itumie RAM GB 2, si zaidi, kwa sababu ukiipa yote Windows nayo itaanza kuhangaika na diski, mtagombania mlango mmoja. Nikafunga, nikafungua upya. Leya zilizokwisha nikaziunganisha.

Dawa kubwa lakini ilikuwa hesabu. A4 kwa nukta 300 inataka pikseli 2480 kwa 3508. Sasa 4800 kwa 7200 ya nini? Nikapunguza nusu kila upande, ikawa 2400 kwa 3600. Nusu kwa nusu ni robo, leya ikashuka hadi megabaiti 35 hivi. Kompyuta ikanyamaza kama mtoto aliyenyonya.

(Kwa wasiojua: GIMP waliianzisha wanafunzi wawili wa Berkeley, Marekani, Spencer Kimball na Peter Mattis, ikatolewa kwa watu mwaka 1996. Wanafunzi kama sisi jamani. Hata yale mafaili yake ya XCF yamepewa jina la klabu yao ya kompyuta pale chuoni.)

Ikabaki sehemu ngumu, na hiyo RAM haikusaidii. Mkunjo ulipita juu ya midomo, meno ya mbele hayaonekani. Ningeweza kunakili jino la jirani nikaziba, dakika mbili tu. Nikamuuliza, "Mama alikuwa na mwanya?" Akanyamaza kidogo. "Alikuwa nao. Huu wangu nimeutoa kwake." Nikamwambia asogee kwenye taa atabasamu nione. Akajaribu. Hakuweza vizuri, lakini nikaona upana wake.

Tulimaliza saa nane usiku. Aliiangalia muda mrefu, akaikuza, akairudisha, akasema kitenge kile anakikumbuka, kilikuja kuwa mbeleko ya mdogo wake wa mwisho. Saa kumi na moja tukabeba begi hadi kituoni, flashi kaifunga kwenye leso.

Haya wadau, mwenye RAM ya laptopu, DDR3, GB 4, anayoiuza kwa bei ya kibinadamu anitafute kantini. Ila bumu likishatoka.