Jongoo wa Timboni

Sisi tuliokulia Kisauni, Mombasa, tuliliita timbo, basi. Lilikuwa pale Bamburi, kando ya barabara ya Malindi, ambako kiwanda cha saruji kilikuwa kikichimba mawe ya matumbawe tangu 1954. Ukisimama ukingoni saa saba mchana, macho hayakustahimili. Chini ulikuwa mwamba mweupe mtupu, hauna udongo wala kivuli, na jua lilikupiga kutoka juu na kutoka chini. Hata mbuzi hawakuwa na la kufuata kule. Palipochimbwa zaidi maji yalitokeza, nayo yalikuwa ya chumvichumvi. Wazee walisema ardhi ile imekwisha, na hakuna aliyebisha.

Mwaka 1971, René Haller, bwana shamba kutoka Uswisi aliyeajiriwa kiwandani hapo, akaanza kupanda miti juu ya mwamba ule. Alijaribu aina 26. Zilizokubali ni tatu tu: mnazi, mti wa damasi wenye asili ya Somalia, na mvinje. Mvinje sisi tuliujua tangu utotoni, mti wa ufukweni usioogopa chumvi, unaovuma upepo ukipita. Tusilolijua ni kwamba mizizi yake huishi na bakteria wanaonasa naitrojeni hewani na kumlisha mwenyeji wao. Ndiyo maana uliweza kusimama mahali pasipo na chembe ya mbolea. Miaka michache baadaye vilele vya kijani vikawa vinachungulia juu ya ukingo, na abiria wa basi la Mtwapa wakawa wanaonyeshana kwa vidole.

Lakini miti peke yake si msitu. Majani membamba ya mvinje yalidondoka, yakabaki vilevile. Yana tanini nyingi, hayaozi upesi. Yakarundikana juu ya jiwe, makavu, hayazai kitu. Kazi yote ingeweza kukwama hapo, na mimi nauona wakati huo kuwa muhimu kuliko ule wa kupanda.

Aliyeikwamua ni jongoo. Haller alimwona jongoo mwenye miguu myekundu akiyatafuna majani yaleyale yaliyokataa kuoza. Basi wakaokotwa jongoo kwa mamia, wakaachiliwa timboni. Wakala, wakanya, na mavi yao yakawa udongo. Naandika hivi waziwazi kwa sababu ndiyo habari yenyewe: msitu wa Bamburi umesimama juu ya mavi ya jongoo. Udongo ulipopatikana, mengine yakajileta. Ndege walidondosha mbegu, nyasi zikashika, mivinje ikapunguzwa na kuuzwa nguzo ili miti ya kienyeji ipate mwanga. Mabwawani wakafugwa tilapia. Daraja jipya la Nyali lilipofunguliwa 1980 na lile la kuelea likastaafu, watu wa kisiwani wakawa karibu zaidi nasi, na katika miaka hiyo ya themanini timbo likafunguliwa kwa wageni. Leo linaitwa Haller Park.

Dunia nzima ililisikia kwa sababu nyingine. Baada ya tsunami ya Desemba 2004, kiboko mchanga aliokolewa baharini karibu na Malindi, akaletwa Bamburi, akajiegemeza kwa kobe mkubwa wa Aldabra aliyeitwa Mzee. Kiboko akapewa jina la Owen. Niliwapeleka wanangu, nao wakakimbilia kiboko kama kila mtoto. Mimi nilichuchumaa chini ya mivinje, nikapekua majani kwa mkono. Juu yalikuwa makavu, chini yake laini na yenye unyevu, kisha udongo mweusi wa kufinyanga. Niliendelea kufukua mpaka kucha ikagusa jiwe. Halikuwa mbali. Mti mnene uliosimama mbele yangu ulikuwa unaishi kwa unene huo tu wa udongo, na kila chembe yake imetengenezwa papo hapo, katika umri wangu.

Tangu siku hiyo bustani za mjini naziangalia kuanzia chini. Bustani ya Mama Ngina ilipokarabatiwa 2019 nilifurahi kuona watu wa Mombasa wamepata pa kupumzikia mbele ya bahari, na mibuyu ya kale ingalipo. Ila mahali pengi ukarabati huanza na kabro na lango, miti hufuata, na majani yake hufagiliwa kila alfajiri na kuchomwa. Tunachoma udongo kabla haujazaliwa. Jambo hili linaniuma kweli, kwa sababu matimbo yaliyo wazi katika pwani hii bado ni mengi, na dawa yake tumeshaionyesha wenyewe, hapa hapa.

Kwa hiyo shule ya jirani iliponialika kwenye upandaji wa mivinje katika kiwanja chao cha mawe, nilimwomba mwalimu mkuu mambo mawili: mfagiaji asiguse majani, na mvua za masika zikianza watoto waje na makopo. Mvua zilipoanza walikuja nayo, wengine wakipiga kelele, wamejaza jongoo kutoka mashamba ya Utange. Tuliwamwaga chini ya mivinje. Mwaka huu wanataka kupanda mikwaju, nami nimewaambia wasubiri msimu mmoja zaidi.