Kofia za Mwenyekiti

Wakati wa Operesheni Dodoma, mwaka 1971, tulihamishiwa kijiji kipya, mwanangu, pahali pa mibuyu mitatu na vumbi jekundu lililoingia hadi kwenye bakuli la mlenda. Mwalimu Nyerere alikuwa akifika Chamwino kufyatua matofali na wanakijiji, na hilo lilitupa moyo. Mwenyekiti wetu alikuwa mtu mwembamba, mwenye baraghashia na mkoba wa turubai. Alianza na uenyekiti wa tawi la TANU. Ilipokuja sheria ya vijiji ya 1975, mwenyekiti wa tawi ndiye akawa mwenyekiti wa kijiji, na wajumbe 25 wa halmashauri wakawa chini yake. Alikuwa pia balozi wa nyumba kumi zetu, mkuu wa kamati ya shule na mshika funguo za duka la ushirika, kwenye sukari na mafuta ya taa.

Siku moja mama alihitaji barua ya kusafiri kwenda Kondoa kumwuguza dada yake. Nilisimama nyuma yake nikaona kila kitu. Bwana yule aliandika kama balozi, akatia sahihi. Akaigeuza karatasi, akakohoa, akaisoma upya kana kwamba imeletwa na mtu mwingine, kisha akachovya muhuri katika wino wa zambarau na kuidhinisha kama mwenyekiti wa kijiji. Halafu akaivuta tena: mwenyekiti wa tawi alitaka kuona kadi ya chama iliyolipiwa. Mama akarudi nyumbani, akauza kuku kwa shilingi sita ili alipe ada ya nyuma. Alipofika Kondoa, dada yake alikuwa amezikwa juzi yake.

Vijana waliokuja likizo kutoka Dar es Salaam walimwita naizi, yaani mkubwa mwenye madaraka. Akina mama walisema mwenye kijiji. Wazee walimwita mtemi, nao ndio waliompatia hasa. Utemi ulikuwa umefutwa tangu 1963, lakini walikumbuka kwamba hata mtemi wa mvua alikuwa na wazee wa kumkemea mvua zilipogoma. Huyu wetu angeshtakiwa kwa nani? Ukipanda ngazi ya kijiji, unamkuta yeye. Ukienda tawini, yeye.

Na hakuvunja kanuni yoyote. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi mishahara miwili, nami nalisifu hadi leo kwa hilo, ila halikumkataza vyeo viwili. Mkuu wa mkoa mwenyewe alikuwa katibu wa chama mkoani, na bungeni alikuwa na kiti. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulikemea viongozi wenye kiburi na dharau. Tuliusikia redioni tukapiga makofi, asubuhi tukapanga foleni mbele ya meza ileile.

Kule juu nako, mwaka 1985 Mwalimu alipong'atuka urais akabaki na uenyekiti wa chama, tuliona kofia hizo mbili zikikaa kwenye vichwa viwili. Agosti 1990 akamwachia Mzee Mwinyi uenyekiti, zikarudi kwenye kimoja. Vyama vingi vilipokuja 1992 uenyekiti wa kijiji ulitengwa na wa tawi, lakini kule juu Mkapa, Kikwete, Magufuli na Samia wote wamevaa mbili. Vijana wenu sasa wanasema vigogo, na mabishano ya kofia mbili hayajaisha vijiweni. Mimi ni wa upande wa kuzitenganisha, kuanzia Ikulu hadi kwa balozi.