Vidole viwili na albamu ya siku moja

Mwezi huu nawaandikia habari ya muziki wa hevi metali. Najua wengine mtasema ni makelele tu, hata mama yangu anasema hivyo. Nivumilieni kidogo.

Darasani kwangu yupo kijana aliyekuwa anapiga gitaa la kopo kwenye kwaya. Mwaka jana mashine ya kusaga unga ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kushoto. Gitaa akalitundika ukutani. Mkono anauficha mfukoni hata wakati wa somo.

Ndipo nikamsimulia habari za Tony Iommi wa Birmingham, Uingereza. Alikuwa na miaka 17, anafanya kazi kiwanda cha mabati. Siku yake ya mwisho kazini alirudi nyumbani kula, akasema hataki kurudi tena. Mama yake akamwambia nenda ukamalize kazi. Mchana huo huo mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, na yeye anatumia kushoto, yaani huo wa kulia ndio unaobonyeza nyuzi! Madaktari wakasema gitaa basi. Lakini msimamizi wake akamletea santuri ya Django Reinhardt, ambaye vidole vyake viwili viliharibiwa na moto na bado alipiga. Iommi akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya vyombo, akatengeneza vikofia vya vidole, akavivika ngozi. Akatafuta nyuzi nyembamba za benjo.

Oktoba 1969 yeye na wenzake wa Black Sabbath, Ozzy Osbourne, Geezer Butler na Bill Ward, waliingia studio London. Albamu yao ya kwanza waliirekodi siku moja tu, wote wakipiga pamoja kama jukwaani. Gitaa lake likaharibika mwanzoni kabisa, akachukua la akiba. Ilitoka 13 Februari 1970. Waandishi wakaiponda, watu wakainunua, ikafika nafasi ya 8 Uingereza. Wengi wanasema hevi metali ilianzia hapo.

Kijana akaniuliza kitu kimoja: "Mwalimu, sasa uzi anausikiaje kama kidole ni plastiki?" Nikamjibu hausikii, anategemea masikio. Akanyamaza.

Jumatatu akaja na kipande cha jerikeni, anaomba kiberiti. Kiberiti sikumpa, tuliyeyusha wote kwenye jiko la mama (moshi ule, alilalamika wiki nzima). Kikofia cha kwanza kilikuwa kikubwa, kikaponyoka. Cha pili kimekaa vizuri kidole cha pete. Bado kimoja.