Mpaka Mama Asikie Maneno

Televisheni ya rangi iliingia Zanzibar mapema miaka ya 1970. Wenzetu wa Tanzania Bara walisubiri vituo vyao hadi 1994. Mimi nilizaliwa nikaikuta televisheni, ndani ya kasha la mbao, kwenye fleti yetu ya Michenzani. Jioni Baba alipanda juu kugeuza antena. Mimi nilikaa dirishani kupokezana maneno: Mama anasema ndani, mimi namfikishia Baba. "Bado chenga! Zidisha kidogo! Hapo hapo, usiguse!" Picha ikitulia, nyumba nzima ilishusha pumzi. Sauti hakuna aliyeiulizia.

Kisha ikaja deki ya VHS. Tepu tulizokodi zilikuwa nakala ya nakala, na kila iliponakiliwa rangi ilipauka na sauti ikazidi kuvuma. Picha ikianza mistari, Baba alifungua deki akafuta hedi kwa pamba na spiriti, taratibu kama anayesafisha kidonda. Ndipo Mama alipoanza swali lake: "Kasema nini?" DVD ilipofika tukaona nyuso za watu hadi vinyweleo, mistari 576 iliyotulia. Mama akaendelea kuuliza.

Mwaka 2010, umeme uliporudi baada ya miezi mitatu ya giza kisiwani, nilinunua hom thieta: spika tano na sabufa. Sabufa nikalisukuma pembeni kabisa, kwa kuwa huko lilinguruma zaidi, nikadhani ndio uzuri wenyewe. Niliweka taarabu. Vikombe vikatikisika kabatini. Mama akanitazama kwa huruma: "Mwanangu, mimi nasikia ngoma tu. Huyu anaimba nini?"

Swali lile liliniuma, kwa sababu taarabu bila maneno imebaki nini? Nikaanza kukisikiliza chumba chenyewe. Nilipiga kofi moja katikati ya sebule, likalia mara mbili tatu: kuta za zege, sakafu ya saruji, dari ya zege. Kila neno la mwimbaji lilikuwa linagongana na mwangwi wa neno lililotangulia. Nikatandika busati zito, nikatundika mapazia ya kitambaa kinene, na rafu ya vitabu nikaihamishia ukuta wa nyuma. Sabufa nikalitoa pembeni, maana kuta mbili zinapokutana huikuza besi ikafunika kila kitu.

Kosa kubwa lilikuwa spika ya kati. Nilikuwa nimeificha chini ya meza, nyuma ya kitambaa, ikiwaimbia watu vifundoni. Na ndiyo inayobeba mazungumzo ya filamu! Hata muziki wa njia mbili, ule unaopita kwenye waya mwekundu na mweupe, mashine ya hom thieta ina namna ya kuuchuja: kinacholingana kushoto na kulia, na sauti ya mwimbaji mara nyingi huwa hivyo, hupelekwa katikati. Nikaipandisha chini ya kioo cha televisheni, nikaiinamisha kidogo kuelekea masikio ya Mama anapokaa, nikaiongezea sauti peke yake.

Picha haikunisumbua sana. Televisheni yetu mpya, bapa, ilitoka dukani na mwanga wa kuvutia wateja, watu wote buluu. Nikaiweka kwenye mpangilio wa filamu, nikapunguza ukali, ngozi zikarudi kuwa ngozi.

Usiku ule niliweka wimbo ambao Mama alikuwa nao tangu zama za kaseti. Alijilaza kwenye busati, mkono shavuni. Ubeti wa pili ulipofika akainuka ghafla, akapiga kofi, akacheka hadi machozi.

"Kumbe anamsema wifi yake! Miaka yote hii! Hebu rudisha, rudisha hapo."

Nikarudisha.