Divai ya Ndizi katika Rutshuru

Mtu akitaja nchi ya divai, mara moja twafikiri Ufaransa na Italia, au Dodoma katika Tanzania, ambako wamisionari walipanda mizabibu. Lakini sisi watu wa Kivu tunayo divai yetu, nayo hutoka katika mgomba. Kwa altare haifai, maana Kanisa huagiza divai ya zabibu. Bali arusi bila hiyo si arusi.

Katika kiangazi cha mwaka 2019 niliondoka Goma kwenda Rutshuru, mwendo wa kilometa 70 hivi. Huko Kibumba tulitetemeka kwa baridi. Tulipopita Rumangabo njia ilizidi kushuka, tukavua makoti, na vumbi likatupaka nyuso. Kuume na kushoto ilisimama migomba.

Nilipokewa na mama mjane, aliyewasomesha watoto wake kwa kasiksi, ambayo watu wa Bwisha huiita urwagwa. Wanawe walinionyesha kazi. Huwasha moto shimoni, kisha hutandika majani, hupanga ndizi zilizokomaa na kuzifukia. Baada ya siku chache zimeiva. Huzimenya, huzikanda pamoja na nyasi katika kihori cha mti, na maji matamu hutoka. Huyachuja, huongeza maji kidogo na unga wa mtama uliokaangwa, kisha huyafunika yachachuke siku mbili au tatu. Mwenye haraka hunywa maji matamu tu.

Jioni tuliingia shambani. Mama alisimama mbele ya mgomba wenye majani ya manjano, akaukata. Usaha wa manjano ulitoka shinani. Ndio mnyauko, ugonjwa ulioingia Kivu ya Kaskazini mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wadudu huupeleka toka ua hata ua, na panga huupeleka toka shina hata shina. Kwa hiyo mkulima mwenye akili huvunja ua la chini kwa kijiti chenye panda, wala hakati mgomba mwingine kabla ya kuchoma panga lake motoni.

Mashina mengi yalikwisha kung'olewa. Nilimwuliza, “Mama, na karo ya shule je?”

Akajibu, “Mwalimu, nikiuhurumia huu mmoja, nitazika shamba zima.” Akaliweka panga motoni.

Mwezi wa Oktoba 2022 waasi wa M23 waliuteka mji wa Rutshuru, na watu wengi walikimbia. Tangu hapo sijapata habari za mama yule. Mgomba mpya hutaka mwaka mmoja na zaidi kabla ya kuzaa, na amani ya kuutunza. Nikiona bidoni za kasiksi sokoni, namkumbuka yeye na panga lake motoni, nami husita kulalamika juu ya mizigo yangu midogo.