Ndizi Zilizoiva Mno Zisitupwe Njiani

Tukisafiri kati ya Kilosa na Mikumi hatukosi ndizi kikapuni. Kwa joto la njiani hulegea na kuwa nyeusi kabla hatujafika nyumbani. Kutoka Mikumi kuelekea Morogoro, barabara kuu hukatiza Hifadhi ya Taifa kwa kilomita 50 hivi, na abiria wengine huwatupia nyani ndizi hizo. Tusifanye hivyo! Ni marufuku, tena nyani wakizoea kulishwa hukaa barabarani, wakagongwa na magari.

Tuzipeleke jikoni. Ganda likiwa jeusi, ndani wanga umekwisha kugeuka sukari. Ponda ndizi 3 ndogo, changanya na yai 1, unga wa ngano kikombe 1, chumvi kidogo, na maziwa au maji hadi uji uwe mwepesi. Kaanga chapati za maji, sukari haihitajiki. Hata uji wa watoto hukolea kwa ndizi iliyopondwa, na mtoto aliyetimiza miezi 6 aweza kulishwa. Mgonjwa wa kisukari ale kidogo tu. Yenye ukungu au harufu ya pombe, itupeni shimoni.

Fedha iliyonunua ndizi ni jasho la nyumba. Basi ilishe nyumba.